Upasuaji wa karotidi: kupita mbele au nyuma ya jugula kwa mzee aliyewahi kuganda damu mguuni

Swali: Assalaam alaykum daktari. Tunaishi Tanga, baba yangu ana miaka 69. Siku sita zilizopita mkono wake wa kulia ulilegea ghafla na maneno yakawa hayatoki, kama dakika ishirini hivi, kisha akarudi sawa. Tulimkimbiza Dar es Salaam, kipimo kikaonyesha ateri ya shingoni iitwayo karotidi, upande wa kushoto, imeziba asilimia 80. Tumeshauriwa upasuaji wa kuisafisha na familia inafikiria India. Tumewasiliana na madaktari wawili huko: mmoja hupita mbele ya jugula, ule mshipa mkubwa ulio kando ya ateri hiyo, mwingine hupita nyuma yake. Kaka yangu aliye Muscat amesoma kwamba kupita mbele kunagandisha damu kwenye jugula. Tunaogopa kwa sababu miaka mitatu iliyopita baba alivunjika mguu, akafungwa hogo, damu ikaganda mguuni, akatumia warfarini miezi sita. Sasa anatumia aspirini na dawa za presha. Nesi jirani yetu anasema aspirini iachwe wiki moja kabla ya upasuaji. Tumchague daktari yupi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada, na pole kwa kuuguza. Jibu fupi kwanza, maana kwa ugonjwa huu siku zinahesabika. Kupita mbele au nyuma ya jugula si jambo la kuwafanya mchague daktari. Hatari ya damu kuganda kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, baada ya upasuaji huu, iwe mguuni au kusafiri hadi mapafuni, iko chini ya mgonjwa mmoja katika mia, na jugula yenyewe kuganda ni jambo la nadra. Hatari ya kiharusi kwa mzee mwenye dalili alizopata baba yako, asipopasuliwa, inaizidi hiyo kwa mbali sana. Na aspirini asiache hata siku moja. Mwambieni jirani, kwa heshima zote, kwamba ushauri wake una mahali pake, lakini si kwenye karotidi.

Sasa nieleze, kwa sababu naona katika swali lako mabonge mawili ya damu yamechanganywa yakawa moja, na mchanganyiko huo ndio unaozaa hofu.

Bonge lililomlegeza baba mkono lilitoka kwenye ateri. Ndani ya karotidi yake kuna gamba la mafuta na chokaa lililojengeka miaka mingi kwa sababu ya presha, lehemu, sukari au sigara. Gamba likipasuka, chembe sahani za damu hukimbilia pale na kushikana, kipande kikang'oka na kupanda kwenye ubongo. Ubongo wa kushoto huendesha mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Ndiyo maana vilipotea pamoja. Kipande kilisagika chenyewe, akarudi sawa. Dawa inayowazuia chembe sahani kushikana ni aspirini na jamaa zake kama klopidogreli. Bonge la mguuni miaka mitatu iliyopita lilikuwa kitu kingine: damu ya vena iliyotulia kwa sababu mguu ulifungwa na haukutembea. Hilo hutibiwa na heparini, warfarini na dawa mpya za kundi hilo. Aspirini hulizuia kidogo tu. Kwa hiyo mtu anaweza kulindwa vizuri upande mmoja na akawa wazi kabisa upande wa pili, na daktari anayepanga upasuaji wa baba lazima apange pande zote mbili kwa makusudi.

Ukubwa wa hatari hizo mbili haulingani hata kidogo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuata wagonjwa wenye dalili ambao karotidi zao zimeziba asilimia 70 hadi 99. Ndani ya miaka miwili, 26 katika kila mia ya waliopewa dawa peke yake walipata kiharusi upande ule ule. Kwa waliopasuliwa walikuwa 9. Ni kweli dawa za leo, hasa za kushusha lehemu, ni bora kuliko za wakati ule, na mimi naamini pengo hilo sasa ni dogo kidogo. Lakini pengo bado lipo. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliounganisha utafiti huo na mwingine wa aina hiyo ulionyesha jambo ambalo familia nyingi hazielezwi: wagonjwa wakipasuliwa ndani ya wiki mbili tangu dalili, kiharusi kimoja huzuiwa kwa kila wagonjwa 5; wakichelewa zaidi ya wiki 12, inabidi wapasuliwe 125 ili kuzuia kimoja. Gamba likishapasuka huwa kali siku za mwanzo, kisha hupoa. Faida ya kisu iko siku hizi anazopitia baba sasa hivi.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza ni hili la India. Viza, vipimo vya kurudia, kusubiri kitanda na fedha za kuchangishana kwenye familia vinaweza kula mwezi mzima. Kabla ya kukata tiketi, muulizeni daktari aliyempima Dar es Salaam kama kuna bingwa wa mishipa ya damu hapo, au Nairobi, anayefanya upasuaji huu mara kwa mara na anayeweza kumchukua wiki hii. Akipatikana mwenye mkono mzuri, karibu kunashinda mbali. Asipopatikana, basi India, lakini mwende kama watu wa dharura. Huku mkingoja, mwulizeni daktari kama baba anatakiwa kuongezewa klopidogreli kwa muda na dawa ya lehemu kwa dozi kubwa. Ulitaja aspirini na presha tu. Dawa ya lehemu sikuiona, na hilo limenishtua.

Turudi kwenye shingo. Ateri ya karotidi hupanda ubavuni mwa koo, na usawa wa zoloto hugawanyika mara mbili: tawi moja la ubongo, jingine la uso. Gamba hupenda kukaa pale kwenye njia panda. Vena kubwa ya jugula, inayoteremsha damu kutoka kichwani, imelala kwa nje ya ateri, karibu yake kabisa, na nyuma kati ya hizo mbili hupita neva ya vagasi, ambayo tawi lake huendesha nyuzi za sauti. Zote tatu zimefunikwa na msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kidarini. Mpasuaji akishafungua ngozi kando ya msuli huo, jugula inamzibia njia. Lazima aisogeze. Ama aivute kuelekea nje, nyuma ya shingo, ama aivute kuelekea ndani, upande wa koo.

Akiivuta nje, ndiyo kupita mbele. Ni njia ya kale, na wapasuaji wengi wamefundishwa hiyo. Tatizo lake ni kwamba kuna vena ya uso inayokatiza juu ya njia panda ya karotidi na kuingia kwenye jugula; hiyo hufungwa kwa uzi na kukatwa, la sivyo jugula haisogei. Hapo ndipo kaka yako alipopata hoja yake, na si hoja ya kijinga. Uzi ukifungwa karibu mno na jugula, unaweza kuibana ukuta wake. Ukifungwa mbali mno, hubaki kibuyu kidogo kisicho na mwisho ambamo damu hutulia. Ukuta wa vena ulioguswa, damu iliyotulia na damu yenye tabia ya kuganda ndivyo vitu vitatu vya kugandisha damu vinavyohusishwa na Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, na hadi leo hatujapata cha nne cha maana.

Akiivuta ndani, ndiyo kupita nyuma. Vena ya uso haikatwi. Inasogea pamoja na jugula kuelekea kooni, na neva ya ulimi mara nyingi husogea nazo bila kuguswa. Njia hii humpa daktari nafasi nzuri akitaka kupanda juu zaidi, karibu na taya, na kwa mgonjwa ambaye njia panda yake iko juu, mimi mwenyewe ningeichagua. Lakini vena haiponi kwa sababu tu haikukatwa tawi lake. Bado inavutwa, bado chuma cha kushikilia jeraha kinaibana, na ni laini kama puto lililopungua hewa: ikibanwa kidogo tu damu inasimama humo kwa saa moja au mbili za kazi. Halafu kuna bei nyingine. Ukipita nyuma, neva ya vagasi unaikuta mapema na unaishughulisha zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, ukijumlisha upasuaji zaidi ya 700, ulikuta matatizo ya nyuzi za sauti kwa wagonjwa takriban 8 katika mia kwa waliopitiwa nyuma, na 2 katika mia kwa waliopitiwa mbele. Kwa kiharusi na vifo, njia zote mbili zilikuwa sawa.

Mwambie basi kaka wa Muscat kwamba anachokisema kinaelezeka kwa mantiki ya mwili, lakini tofauti ambayo tafiti zimeipima na kuiona ni ya sauti, si ya damu kuganda. Nyingi ya sauti hizo zilizokwaruza hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Baba yako ni muadhini, mwalimu, wakili? Kama anakula kwa sauti yake, mwambieni daktari, ni taarifa halali ya kuzingatia. Na kama aliwahi kupasuliwa rovu au karotidi ya upande wa pili, ni lazima nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera kabla, kwa sababu upande mmoja ukiwa umelala tayari na wa pili ukaguswa, mgonjwa anaweza kushindwa kupumua. Hilo wala halihusiani na ladha ya daktari kati ya mbele na nyuma; likikutwa, mpango wote hubadilika.

Kinachogandisha jugula kwa kweli, kwa wagonjwa tunaowaona hospitalini, mara nyingi si upasuaji wa karotidi. Ni mrija mkubwa wa dripu unaochomekwa kwenye jugula yenyewe, ni usaha wa koo, ni saratani, ni upasuaji mkubwa wa kuondoa tezi za shingo. Upasuaji wa karotidi kwa kawaida hauhitaji mrija wa namna hiyo: dripu za mkononi na sindano ya kupima presha kwenye kifundo cha mkono zinatosha. Kwa mtu mwenye historia ya baba yako, ningemwomba daktari wa nusukaputi asiguse jugula yoyote bila sababu nzito, na hasa ile ya kulia. Sababu ya kusema kulia ni hii: kwa watu wengi jugula ya kulia ndiyo kubwa, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya damu ya kichwa. Baba anapasuliwa kushoto. Hata kama jugula ya kushoto ingebanwa au kuganda, ya kulia ingeendelea na kazi na pengine asingejua. Lakini wapo watu waliozaliwa na jugula ya kulia nyembamba. Altrasaundi ya shingo anayofanyiwa kabla ya upasuaji inaweza kuangalia jugula zote mbili kwa dakika chache. Ombeni hivyo. Ikionekana kwamba ya kushoto ndiyo tegemeo, daktari atajua kuibembeleza, kulegeza chuma mara kwa mara na kuacha vena ya uso kama inawezekana. Hapo ndipo mbele na nyuma inakuwa na uzito kidogo.

Jugula ikiganda huonekana siku kadhaa baadaye: shingo kuuma na kuvimba upande wa jeraha, kitu kigumu kama kamba chini ya msuli, uso kuvimba asubuhi, kichwa kuuma. Altrasaundi inathibitisha. Tiba ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi mitatu, na ni nadra kurudi kwenye chumba cha upasuaji. Sasa sikiliza tofauti hii vizuri, kwa sababu atakayekuwa kando ya kitanda ni wewe au ndugu yako. Shingo ikivimba ndani ya saa chache za mwanzo, hasa siku ile ya upasuaji, hiyo si jugula iliyoganda. Ni damu inavuja ndani ya jeraha. Inaweza kusukuma koo na kuziba pumzi haraka. Mgonjwa akianza kuhangaika, sauti ikibadilika, akikataa kulala chali, ita nesi kwa sauti, usione haya, na asiondoke mtu mpaka daktari afike.

Mguu ndio unaonisumbua zaidi kuliko shingo. Damu iliyowahi kuganda huacha vena ikiwa na kovu, na kila kulazwa upya ni nafasi ya pili. Kinachonipa moyo ni kwamba lile bonge la kwanza lilikuwa na sababu inayojulikana, mfupa uliovunjika na hogo, na imepita miaka mitatu. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kurudishiwa warfarini kabla ya upasuaji, wala ya kuchomwa dozi kubwa za heparini siku za kuelekea chumbani. Ingekuwa bonge la ndani ya miezi mitatu iliyopita, au lililotokea bila sababu, au kuna ndugu kadhaa wa damu waliopata hivyo hivyo, ningesema vingine. Hilo la ndugu umelinyamazia; ulizeni shangazi na baba wadogo.

Wakati wa upasuaji wenyewe, kabla ya kubana ateri, kila mgonjwa hupewa heparini kwenye dripu, mara nyingi uniti 5,000 au kwa hesabu ya uzito. Hiyo ni kwa ajili ya ateri na huisha ndani ya saa chache. Kinga ya mguu ni dozi ndogo ya enoksaparini chini ya ngozi, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku, na huanza baada ya daktari kuhakikisha shingo haivuji. Saa ngapi hasa, ni uamuzi wa aliyeona jeraha: akiharakisha, shingo inaweza kuvuja, akisahau, mguu uko wazi. Mimi husumbuliwa zaidi na kusahau kuliko na kuvuja, yaani kosa ninalolikuta kwenye mafaili ya wagonjwa waliohamishwa ni kwamba hakuna aliyeandika dawa hiyo kabisa. Muulizeni daktari kabla: ataanza lini, ataacha lini.

Kuna soksi za kubana ambazo wengi huzinunua mapema kwa nia njema. Msimvishe baba mpaka mtu mwenye ujuzi amepapasa mapigo ya damu kwenye nyayo zake. Mwenye gamba kwenye karotidi mara nyingi analo na kwenye ateri za miguu, na soksi inayobana mguu ambao damu yake tayari ni haba inaweza kutoboa ngozi na kuleta kidonda kisichopona. Utafiti wa mwaka 2009 kwa wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,500 ulionyesha kwamba soksi ndefu hazikupunguza damu kuganda, ila ziliongeza vidonda. Mashine za kuminya miguu kwa hewa zilifanya vizuri katika utafiti uliofuata wa mwaka 2013. Kwa upasuaji wa karotidi, ambao mgonjwa hukaa kitini jioni ile ile na kutembea kesho yake asubuhi, kutembea ndiko kinga yenye nguvu. Mwache atembee hata kama anadai amechoka.

Watu huuliza kama ganzi ya shingoni ni bora kuliko nusukaputi, wakidhani mtu aliye macho hagandi damu. Utafiti wa nchi 24 uliowachukua wagonjwa 3,526 na kutoa majibu mwaka 2008 ulikuta kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo karibu sawa: 4.8 kwa mia kwa nusukaputi na 4.5 kwa ganzi. Mwachieni daktari wa nusukaputi aamue.

Ateri ikishafunguliwa na gamba kutolewa, madaktari wengi huishona kwa kiraka ili isibaki nyembamba. Kiraka kinaweza kuwa cha kitambaa maalumu, cha utando wa moyo wa ng'ombe, au cha vena iliyotolewa mguuni kwa mgonjwa mwenyewe. Hapa mseme wazi kwamba mguu fulani uliwahi kuganda, utajeni upande wake. Vena ya juu ya mguu huo huenda ndiyo inayosaidia kurudisha damu siku zote hizi, na kuitoa ni kuuongezea mguu mzigo. Kiraka cha ng'ombe au cha kitambaa kinafanya kazi nzuri.

Wapo pia watakaowapendekezea njia ndogo: kukata sentimita chache juu ya mtulinga, kuingiza mrija kwenye karotidi na kuweka kispringi cha kupanua, huku damu ikigeuzwa irudi nyuma ili vipande visipande kichwani. Ni mbinu nzuri kwa mwenye shingo ngumu kupasuliwa, iliyochomwa mionzi au iliyopasuliwa zamani. Lakini damu hiyo inayogeuzwa hupitishwa kwenye chujio na kurudishwa kwenye vena ya kinena. Kwa hiyo swali la vena linarudi kwa mlango mwingine: kinena kisiwe cha mguu ulioganda, na altrasaundi ya vena za kinena ifanywe kwanza.

Naona mmetoka Tanga na mmenisalimu kwa salamu ya Kiislamu, basi nitaje na hili ambalo wagonjwa wangu huniuliza kwa kunong'ona. Sehemu kubwa ya heparini duniani, pamoja na enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo dawa ya kutengenezwa maabara, fondaparinuksi, inayoweza kutumika kukinga mguu kwa wagonjwa wengi, figo zikiwa nzuri. Ndani ya chumba cha upasuaji heparini ndiyo inayozoeleka kwa sababu inapimika na inaweza kuzimwa haraka. Hukumu ya dharura mtamuuliza sheikh wenu, ila mwulizeni leo, si usiku wa kuamkia upasuaji, maana nimeona familia zikigawanyika koridoni wakati mgonjwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu.

Kama safari ya India haiepukiki, tofauti kati ya kwenda na kurudi ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza usafiri wa zaidi ya saa nne mwaka 2007, lilikuta hatari ya damu kuganda huongezeka karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya bado ni mmoja katika watu 6,000 hivi. Baba si mtu wa kawaida kwa hesabu hiyo: ana historia. Kwenda, akae kiti cha kandokando ya njia, anyanyuke kila saa, anywe maji. Kurudi, atakuwa mtu aliyepasuliwa, na mwombeni daktari aamue kama achomwe sindano moja ya kinga kabla ya ndege. Msirudi mapema. Siku za mwanzo baada ya karotidi kufunguka, ubongo uliozoea damu kidogo hupokea nyingi ghafla. Presha ikipanda, kichwa kikauma upande ule uliopasuliwa, kunaweza kufuata degedege au damu kuvuja kichwani. Mimi hupenda mgonjwa akae karibu na hospitali wiki mbili, presha ikipimwa asubuhi na jioni. Bima na nauli za tarehe hubishana nami kila mara.

Kuhusu kumchagua daktari, waandikieni wote wawili maswali yale yale. Mwaka jana umefanya karotidi ngapi kwa wagonjwa wenye dalili? Wangapi walipata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30? Ukiweza kumpokea, utampasua baada ya siku ngapi? Aliye chini ya 6 kwa mia kwa wagonjwa wenye dalili yuko ndani ya kiwango kinachokubalika, na walio wazuri wako chini zaidi. Anayejibu kwa namba, hata kama si za kujisifu, mpeni uzito kuliko anayejibu kwa picha za jengo. Mwacheni apite njia anayoijua mkono wake. Mpasuaji aliyezoea kupita mbele, akilazimishwa na familia kupita nyuma kwa sababu ya makala ya mtandaoni, anakuwa mwanafunzi kwenye shingo ya baba yenu.

Wiki nne hadi sita baada ya upasuaji atarudishwa kupigwa altrasaundi kuona kama ateri imebaki wazi. Hiyo inaweza kufanywa Dar es Salaam. Kwenye karatasi ya rufaa mwombeni daktari aandike na jugula ya upande ule ule, kwa sababu anayepima akiandikiwa ateri peke yake, ataipima ateri na kufuta jeli.